Florence Nightingale: Taa mnaijua, je rangi tatu?

Kila ikifika tarehe 12 Mei wauguzi wanaadhimisha siku yao, mishumaa inawashwa, kiapo kinasomwa, na jina la Florence Nightingale linatajwa mpaka basi. Ukimuuliza mtu yeyote huyu mama alifanya nini, atakwambia alitembea usiku na taa wodini akiwaangalia askari wagonjwa. Imeisha hiyo. Na kile kiapo kinachoitwa kwa jina lake wala hakukiandika yeye, kiliandikwa Marekani mwaka 1893 wakati yeye ni bibi wa miaka zaidi ya 70 yuko zake London. Leo nataka niwaletee Bi. Florence mwingine, yule aliyekaa na madaftari ya vifo akatoa michoro ya rangi iliyowanyima usingizi wakubwa wa jeshi la Uingereza.

Mimi nimemkuta kwenye kompyuta. Nimemaliza kidato cha sita, chuo bado, na hapa katikati najifunza R. Kwa wasioijua, R ni lugha ya kuandikia programu za takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, na unaishusha bure kabisa kwenye intaneti. Sasa kuna pakeji ya R inaitwa HistData, imejaa takwimu za zamani za kufanyia mazoezi. Ndani yake kuna jedwali limeandikwa Nightingale, mistari 24, kila mstari mwezi mmoja, kuanzia Aprili 1854 mpaka Machi 1856. Ukubwa wa jeshi, waliokufa kwa magonjwa, waliokufa kwa majeraha, waliokufa kwa mengineyo. Nesi na takwimu wapi na wapi? Ndiyo nikaanza kumsoma.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820, wazazi Waingereza matajiri wakiwa safarini Italia, mji wa Florence, na jina akapewa la mji. Dada yake mkubwa alizaliwa Naples akapewa jina la Kigiriki la mji huo, Parthenope, kwa hiyo Florence ana bahati. Walikuwa na jumba Derbyshire na jumba lingine Hampshire. Baba mtu, William Edward, aliwafundisha mwenyewe nyumbani: Kigiriki, Kilatini, historia, falsafa. Hesabu ndiyo iliyomkamata Florence, akaomba afundishwe zaidi, mama yake hakupenda. Kwa watu wa tabaka lile binti alitakiwa kujua kupokea wageni, kupiga piano kidogo na kuolewa. Huyu alimkataa mchumba wa maana, Richard Monckton Milnes, mtu wa bungeni na mshairi, baada ya kumweka miaka. Alikuwa anaamini tangu akiwa na miaka 16, mwaka 1837, kwamba Mungu amemwita kwa kazi fulani, na baadaye akaona kazi hiyo ni ya hospitali. Nyumbani ikawa vita. Enzi hizo kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini ilidharauliwa kabisa, ilionekana ya wanawake walevi na wasio na pa kwenda.

Mwaka 1851 akafanikiwa kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akapata mafunzo ya miezi mitatu hivi. Mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake wenye hadhi pale Harley Street, London, bila mshahara, baba yake akimpa pauni 500 kwa mwaka za kuishi. Angeweza kuishia hapo. Ila mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani upande wa Waturuki dhidi ya Urusi, ile inayoitwa Vita ya Krimea.

Ilikuwa vita ya kwanza ambayo habari mbaya zilifika nyumbani haraka. Gazeti la The Times liliandika jinsi majeruhi wa Uingereza wanavyooza bila matabibu wa kutosha wala bandeji, na watu London wakawaka. Waziri aliyehusika, Sidney Herbert, alikuwa rafiki wa Florence. Akamwomba aongoze kundi la wauguzi wanawake, jambo ambalo jeshi halikuwahi kuliona. Waliondoka Oktoba 1854, wauguzi 38 na yeye, wakafika tarehe 4 Novemba kwenye hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, sehemu ambayo leo inaitwa Üsküdar.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kubwa ya Waturuki iliyogeuzwa. Askari walivushwa Bahari Nyeusi kwa meli, siku kadhaa, wengine wanafia njiani. Wakifika wanalazwa kwenye korido ndefu, chini ya sakafu kuna mifereji ya maji machafu iliyoziba, hewa inapanda juu inanuka. Bi. Florence akaanza na anavyoviweza: shuka, mashati, sabuni, jiko la chakula cha wagonjwa, kufua. Ile taa ni ya wakati huo, gazeti la London lilichora picha yake mwanzoni mwa 1855 na picha hiyo ndiyo imetufikia sisi wote.

Lakini sasa angalieni namba, hapa ndipo jedwali langu la R linapoumiza roho. Oktoba 1854, kabla hajafika, magonjwa yaliua askari 503. Novemba 844. Desemba 1,725. Januari 1855 wakafa 2,761. Yaani nesi mkuu yupo, shuka zipo, taa inatembea, na vifo vinapanda kama maji ya mafuriko. Mwezi huohuo wa Januari majeraha ya vita yaliua 83. Mengineyo 324. Jeshi zima mwezi huo lilikuwa na watu 32,393.

Mwezi Machi 1855 serikali ikatuma Tume ya Usafi, ndani yake yupo daktari John Sutherland na injinia Robert Rawlinson. Wakazibua mifereji, wakatoa mizoga ya wanyama, wakasafisha njia ya maji, wakafungua madirisha hewa ipite, wakapaka chokaa. Aprili vifo vya magonjwa vilikuwa 477. Vikapanda tena Juni hadi 802, halafu vikaanza kushuka. Januari 1856, mwaka mmoja kamili baada ya ule mwezi wa kutisha, walikufa kwa magonjwa 42 katika jeshi la watu 44,212.

Bi. Florence mwenyewe aliugua vibaya Mei 1855 alipovuka kwenda Krimea, na hakupona sawasawa maisha yake yote. Vita ikaisha 1856. Akarudi kimyakimya akitumia jina la Bibi Smith ili asipokelewe kwa ngoma na tarumbeta. Wenzake walikuwa wanataka kumfanya malaika. Yeye alikuwa na kichwa kimejaa maiti.

Akakutana na William Farr, bingwa wa takwimu wa ofisi ya Uingereza inayosajili vizazi na vifo. Farr hakuwa mtu wa mbwembwe, alimshauri kwamba ripoti ya takwimu iwe kavu, namba zijisemee. Wakakaa na madaftari ya jeshi, ambayo yalikuwa yameandikwa ovyo, idara hii inasema hivi na ile inasema vile, wakayapanga mwezi kwa mwezi. Ndipo picha ikatoka kwamba kilichoua jeshi ni uchafu na msongamano kuliko risasi za Warusi, na kwamba Scutari, hospitali yake yeye, ilikuwa miongoni mwa mahali pabaya kuliko pote. Fikirieni mtu unayesifiwa na taifa zima, unakuta namba zinasema pale ulipokuwa unasimamia ndipo watu walipokwisha. Angeweza kulifunga daftari. Yeye alisukuma Tume ya Kifalme iundwe mwaka 1857, akaandika ripoti nene kupita kiasi, mwaka 1858 ikachapwa.

Ripoti nene nani anasoma? Wabunge hawasomi, majenerali hawasomi. Kwa hiyo akachora.

Mchoro wake mkuu wa 1858 uko hivi. Chukua duara likate vipande 12, kila kipande mwezi mmoja, pembe zote sawa, digrii 30 kila moja. Kinachobadilika ni kipande kinakwenda nje umbali gani. Buluu ni waliokufa kwa magonjwa yanayoweza kuzuilika: kipindupindu, kuhara damu, homa. Nyekundu ni majeraha. Nyeusi ni sababu nyingine zote. Kila rangi inapimwa kuanzia katikati ya duara. Kulia kuna duara la mwaka wa kwanza, Aprili 1854 hadi Machi 1855, limevimba kwa buluu kama ua lililofunguka upande mmoja. Kushoto, lililounganishwa na la kwanza kwa mstari wa vitone, ni mwaka wa pili, dogo, linanywea mwezi hadi mwezi. Huhitaji kujua hesabu. Mtu unaona buluu, unauliza hii buluu ni nini, unajibiwa ni watu ambao hawakutakiwa kufa.

Kuna kitu kidogo cha kitaalamu hapa, msikiruke. Ukubwa wa kipande unaonyesha vifo kwa eneo lake, na siyo kwa urefu wake. Kuna muundo aliotumia mwanzo uliopima kwa urefu tu, akaja kuuacha. Sababu ni kwamba kipande cha duara ukikirefusha mara mbili eneo lake linakuwa mara nne, kwa hiyo jicho linaona vifo mara nne wakati ni mara mbili. Ukitaka kuwa mkweli unachukua kipeuo cha pili cha namba kabla ya kupima urefu, na kwenye R amri yake ni sqrt. Angeacha ule wa urefu buluu ingetisha zaidi. Kwangu mimi hilo linamwonyesha mtu alivyo: alikuwa anataka kushinda, na bado akapunguza silaha yake ili isiseme uongo.

Sasa tuchore wenyewe kidogo. Fungua R andika mistari hii miwili:

vifo <- c(2761, 83, 324)
barplot(vifo, col = c(4, 2, 1))

Mstari wa kwanza unaweka namba za Januari 1855 kwenye chombo nilichokiita vifo. Wa pili unasimamisha pau tatu. Zile 4, 2, 1 ni namba za rangi ndani ya R: 4 buluu, 2 nyekundu, 1 nyeusi, rangi za Bi. Florence zilezile na kwa mpangilio uleule. Kuanzia toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 rangi hizo zimelainishwa, nyekundu imeelekea kwenye waridi. Pau ya buluu itagonga dari, ya nyekundu itakuwa kama imelala chini. Huo ni mwezi mmoja.

Ila idadi tupu inaweza kudanganya kwa sababu jeshi lilikuwa linakua na kupungua. Yeye na Farr walifanya hivi: vifo vya mwezi gawanya kwa ukubwa wa jeshi, zidisha kwa 12 kupata mwaka, zidisha kwa 1,000. Fanya kwa Januari 1855, 2,761 gawanya kwa 32,393. Jibu ni 1,022.8 kwa kila askari 1,000 kwa mwaka. Rudia kusoma hapo. Kwa mwendo ule, bila mtu mpya kuletwa, magonjwa peke yake yangemaliza jeshi zima kabla mwaka haujaisha, na mtu angebaki wa kudaiwa. Januari 1856 hesabu hiyohiyo inatoa 11.4. Nikijumlisha miezi yote 24 ya jedwali, magonjwa yale yalichukua watu 14,476, majeraha 1,758.

Nitasema na la upande wa pili, maana humu kuna wasomaji wakali. Kwanza, yeye hakuvumbua grafu za rangi. Mskoti William Playfair alichapa grafu za mistari na pau mwaka 1786, na ule mduara unaokatwa kama keki mwaka 1801, rangi zikipakwa kwa mkono. Hata Farr alishachora vifo vya kipindupindu kwa duara na rangi kabla yake. Pili, kati ya ile miaka miwili siyo mifereji tu iliyobadilika. Baridi ya pili ilimkuta askari ana kibanda, ana koti, ana chakula, na mapigano makubwa yamekwisha Septemba 1855. Ile kukata miaka Machi kwa Aprili inafanya maduara yaonekane kabla na baada ya Tume, safi kama mchezo wa kuigiza. Kila anayechora anachagua pa kukata. Tatu, kwa maoni yangu mimi ua lake ni zuri kuliko linavyosomeka, nimechora pau 24 za R nikauona ule mlima wa baridi ya kwanza vizuri zaidi. Lakini pau 24 zisingegombaniwa mezani kwa wakubwa, na ua liligombaniwa.

Tena mchoro ambao mimi naona ni mkali kuliko ua watu hawautaji kabisa. Ni pau tupu, za rangi mbili, na hauhusu vita. Alilinganisha raia wanaume wa Uingereza na askari waliokaa kambini nyumbani wakati wa amani, umri sawa. Kati ya miaka 20 na 25, raia waliokufa kwa mwaka ni 8.4 kwa 1,000, askari 17.0. Kati ya 25 na 30, raia 9.2, askari 18.3. Na hao askari ni vijana waliopimwa na daktari wakachaguliwa wenye afya! Hakuna Mrusi, hakuna baridi ya Krimea. Ni kulala wamebanana, hewa mbovu, vyoo vibovu. Hapo mtu hawezi tena kusingizia vita.

Nakala zake alizisambaza mwenyewe kwa wabunge, wakuu wa jeshi, madaktari, magazeti, na Malkia Victoria. Wengi walimpinga, hasa wakubwa wa tiba jeshini waliomwona mwanamke mchokozi. Kambi zikaanza kurekebishwa, ikaundwa idara ya takwimu za afya jeshini, na mwaka 1860 kikafunguliwa chuo cha tiba cha jeshi. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kikampokea, mwanamke wa kwanza. Wamarekani wa takwimu wakampa uanachama wa heshima 1874.

Shule ya wauguzi hospitali ya St Thomas', London, ilifunguliwa mwaka huohuo 1860 kwa fedha zilizochangwa na wananchi kumshukuru. Hiyo mnaijua, siirudii. Zaidi alikuwa kitandani, mgonjwa, anaandika barua na ripoti, mawaziri wanakuja wao. Sidney Herbert alikufa 1861 amechoka, na wapo wanaosema Bi. Florence alimwendesha mno. Alishughulikia afya ya India miaka mingi bila kukanyaga India, kwa fomu za maswali na majedwali. Alitaka hospitali zote ziandike wagonjwa na vifo kwa fomu moja, ili zilinganishwe, akalipeleka kwenye kongamano la takwimu la London 1860, wakakubali kwa mdomo, hospitali chache zikafuata. Alitaka sensa ya 1861 iulize nani mgonjwa na nyumba ikoje, serikali ikakataa. Mwaka 1891 aliandikiana na Francis Galton kutaka paanzishwe nafasi ya profesa wa takwimu Oxford, kwa sababu wanaotunga sheria hawajui kusoma namba zao wenyewe. Haikutokea.

Mwisho mwisho macho yakazima. Mwaka 1907 akapewa nishani ya juu ya Uingereza iitwayo Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata, na wakati huo hata kujua anapewa nini ilikuwa shida. Akafariki London tarehe 13 Agosti 1910, miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme, ndugu wakakataa kwa sababu yeye hakutaka makuu. Yuko kwenye kaburi la familia, kanisa la kijijini East Wellow, Hampshire. Jina lake halikuandikwa kwa urefu, ni herufi mbili F.N. na tarehe zake mbili.